Kisukari kwa Watoto na Vijana: Kinachokileta, Kinachosingiziwa na Dalili Zisizosubiri Kesho

Matini ya mada ya elimu ya afya kwa wakazi wa Kata ya Mamba, Halmashauri ya Wilaya ya Mpimbwe, Mkoa wa Katavi



Unapotajwa ugonjwa wa kisukari, picha inayowajia watu wengi ni ya mtu mzima mwenye kitambi, pengine mfanyabiashara au mtumishi wa mjini. Ni wachache wanaomfikiria mtoto wa darasa la tatu, mwembamba, anayetembea kwa miguu kwenda shule na kurudi kuchunga ndama. Kwa kuwa hafikiriwi, ugonjwa humkuta pasipo mtu wa kuutambua.

Uchukuliwe mfano wa mtoto wa miaka tisa. Anaanza kunywa maji mengi kuliko alivyozoea. Bonde la Ziwa Rukwa lina joto, hivyo hakuna anayeshtuka. Baada ya siku chache anakojoa kitandani, ilhali aliacha jambo hilo tangu akiwa na miaka minne. Anagombezwa kwa uvivu wa kuamka. Anakula vizuri lakini nguo zinampwaya. Inasemekana ana minyoo, naye anapewa dawa ya minyoo. Katika wiki ya tatu anatapika, analalamika tumbo na anapumua kwa kasi. Inanunuliwa dawa ya malaria dukani. Siku mbili baadaye hajitambui, na sasa ndipo inapotafutwa pikipiki ya kumpeleka hospitali.

Mfano huu haumhusu mtoto wa nyumba fulani. Umeungwa kutokana na dalili ambazo wataalamu wa afya huzikuta kwa watoto wengi wenye kisukari wanaofikishwa kwao wakiwa wamechelewa. Kila hatua ya familia katika mfano huu ina sababu yake, wala hakuna aliyempuuza mtoto. Kilichokosekana ni jambo moja tu, nalo ni mtu wa kusema, "Mtoto huyu apimwe sukari leo."

Mada hii ina makusudi mawili. La kwanza ni kueleza mambo yanayoongeza hatari ya kisukari kwa watoto na vijana, yaani vihatarishi, na kuyatenga na yale yanayosingiziwa. La pili ni kuzitaja dalili ambazo mzazi, mlezi au mwalimu akiziona hapaswi kungoja kesho.

Kisukari ni nini

Chakula cha wanga, kama vile ugali, wali, viazi na mihogo, hugeuzwa tumboni kuwa sukari na kuingia katika damu. Sukari hiyo ndiyo nishati ya mwili. Ili iingie katika misuli na viungo vingine ifanye kazi, mwili huhitaji homoni iitwayo insulini, inayotengenezwa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula. Insulini ikikosekana, au ikiwapo lakini mwili hauitikii, sukari hubaki katika damu. Figo hujitahidi kuitoa kwa njia ya mkojo, na sukari hiyo huondoka pamoja na maji mengi. Kutokana na hayo, mgonjwa hukojoa mara nyingi, hupata kiu kisichokwisha, na hukonda hata akila, kwa kuwa mwili unakosa nishati ilhali imejaa katika damu.

Kwa watoto na vijana zipo aina mbili kuu. Aina ya kwanza ni ile ambayo kongosho limeacha, au linakaribia kuacha kabisa, kutengeneza insulini. Aina ya pili ni ile ambayo insulini ipo lakini mwili hauitumii ipasavyo, na baadaye kongosho nalo huchoka. Aina hizi mbili hufanana kwa jina na kwa kipimo cha damu, lakini chanzo chake ni tofauti, na namna ya kuzikabili ni tofauti pia.

Aina ya kwanza: ugonjwa usio na mwenye kosa

Katika aina ya kwanza, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hukosea na kuzishambulia chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Uharibifu huo huweza kuendelea kwa miezi au miaka kimyakimya. Dalili huonekana pale ambapo chembe nyingi zimekwisha kuharibika, na kwa kuwa hujitokeza ghafla, watu hudhani ugonjwa umeanza wiki hiyo.

Vihatarishi vinavyojulikana vya aina hii ni vichache. Cha kwanza ni urithi: mtoto ambaye mzazi wake au ndugu yake wa tumbo moja ana aina ya kwanza ana hatari kubwa kuliko mtoto mwingine. Hata hivyo, watoto wengi wanaougua hawana mtu yeyote katika familia ya karibu mwenye ugonjwa huo, hivyo kauli ya "kwetu hakuna kisukari" haimwondoi mtoto katika hatari. Cha pili ni umri. Ugonjwa huweza kuanza wakati wowote, lakini hujitokeza zaidi kati ya miaka minne na saba, na tena katika umri wa kubalehe, kati ya miaka kumi na kumi na minne. Cha tatu ni maambukizi ya baadhi ya virusi, ambayo wataalamu wanaamini huweza kuichochea kinga ya mwili kwa mtoto ambaye tayari ana urithi huo. Hadi leo haijapatikana njia ambayo mzazi kijijini angeweza kuitumia kuizuia aina ya kwanza.

Ugonjwa huu ni adimu kuliko malaria au nimonia. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam kwa kipindi cha miaka kumi na kuchapishwa mwaka 1993 ulikadiria wagonjwa wapya wasiozidi wawili kwa mwaka katika kila watoto na vijana 100,000 wenye umri chini ya miaka 20. Takwimu hiyo huhesabu waliofika hospitali na kutambuliwa. Mtoto aliyefariki nyumbani kwa kile kilichoitwa malaria hakuhesabiwa.

Yanayosingiziwa

Kwa kuwa chanzo cha aina ya kwanza hakionekani kwa macho, watu hukitafuta kwa jirani, kwa mama au kwa mambo yasiyoonekana. Ni vema yafuatayo yakasemwa wazi.

Kisukari cha aina ya kwanza hakiletwi na mtoto kula sukari, miwa au asali. Mama aliyempa mwanawe chai yenye sukari hakumletea ugonjwa huu. Hakiambukizwi kwa kula sahani moja, kulala kitanda kimoja wala kukanyaga mkojo. Hakitokani na mama kuvunja mwiko wakati wa ujauzito, wala hakitokani na kurogwa. Mtoto anayezimia kwa sababu ya sukari hajapandwa na mashetani.

Imani hizi zina gharama. Kila siku inayopita katika kumtafuta mwenye kosa ni siku ambayo mtoto hana insulini. Wataalamu wa tiba asili wanaheshimiwa katika jamii, na wengi wao hufikiwa na mgonjwa kabla ya zahanati. Wao nao wana nafasi ya kuokoa maisha, kwa kumwambia mzazi wa mtoto mwenye dalili hizi ampeleke kupimwa kwanza. Hakuna mzizi, unga wala chai ya majani inayoweza kushika nafasi ya insulini kwa mtoto mwenye aina ya kwanza.

Aina ya pili: hatari inayoongezeka

Aina ya pili ilizoeleka kuwa ya watu wazima. Katika nchi nyingi sasa inaonekana kwa vijana waliokwisha kubalehe, hasa wenye uzito mkubwa. Vihatarishi vyake vinajulikana, na vingi vinaweza kupunguzwa nyumbani na shuleni.

Mabadiliko haya yanaonekana pia nchini. Utafiti wa vijiji sita vya Tanzania uliochapishwa mwaka 1989, ulioongozwa na Profesa Donald McLarty pamoja na wenzake wa Dar es Salaam, ulikuta watu wenye kisukari hawafiki mmoja katika kila mia. Mwaka 2012, uchunguzi wa kitaifa wa vihatarishi vya magonjwa yasiyo ya kuambukiza ulikuta watu wazima wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wenye kisukari ni takribani tisa katika kila mia. Tafiti hizo hazikupima watu wa umri uleule wala maeneo yaleyale, hivyo haziwezi kulinganishwa tarakimu kwa tarakimu. Hata hivyo, mwelekeo wake hauna shaka, na watoto wanaokulia katika kaya za watu wazima hao wanakula chungu kimoja nao.

Kihatarishi cha kwanza ni uzito kupita kiasi, hasa mafuta yanayojikusanya tumboni. Katika jamii nyingi unene wa mtoto huhesabiwa kuwa neema na dalili kwamba wazazi wana uwezo. Mtoto mwenye afya ni yule ambaye uzito wake unakwenda sawa na urefu wake, na kadi ya kliniki ipo kwa ajili ya kuonyesha hilo.

Cha pili ni vinywaji na vyakula vyenye sukari nyingi. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina takribani vijiko tisa vya chai vya sukari. Kijana anayekunywa soda moja kila siku anameza zaidi ya vijiko sitini kwa wiki, nje ya sukari ya chai na ya maandazi. Juisi za unga zinazochanganywa kwa maji na vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa madukani haviko salama zaidi. Soda ya sikukuu haina neno. Tatizo ni ya kila siku.

Cha tatu ni kutoutumia mwili. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto mwenye umri wa miaka mitano hadi kumi na saba apate angalau wastani wa dakika 60 za kuutumikisha mwili kwa siku. Mtoto wa Mamba anayechota maji, kulima na kucheza mpira hutimiza hilo bila kuhesabu. Anayepelekwa shule kwa pikipiki, kisha akashinda mbele ya televisheni au simu, hatimizi.

Cha nne ni familia. Mzazi, babu au bibi mwenye kisukari cha aina ya pili huongeza hatari kwa mtoto. Mama aliyepata kisukari wakati wa ujauzito naye huacha hatari hiyo kwa mtoto aliyemzaa, na yeye mwenyewe pia huwa katika hatari ya kuugua baadaye. Kwa hiyo mjamzito anapohudhuria kliniki mapema na kukubali vipimo vyote, anamkinga mtoto ambaye bado hajamwona.

Ipo ishara moja ambayo wazazi wengi huiona bila kuielewa. Kijana mwenye hatari ya aina ya pili huweza kupata ngozi nyeusi na nene, laini kama kitambaa cha mahameli, nyuma ya shingo au kwapani. Mara nyingi hudhaniwa kuwa ni uchafu, naye husuguliwa kwa sabuni na dodoki hadi ngozi ikauma. Haitoki kwa kusugua. Ni alama kwamba mwili umeanza kutoitikia insulini, na kijana huyo anapaswa kupimwa.

Utapiamlo nao una sehemu yake

Wakazi wengi wataona kwamba unene si tatizo kubwa vijijini. Ni kweli, lakini wembamba si kinga. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba takribani watoto 30 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Mtoto aliyezaliwa na uzito pungufu, akakua kwa lishe duni, kisha akanenepa haraka ukubwani, ana hatari kubwa ya kisukari cha aina ya pili kuliko aliyelishwa vizuri tangu mwanzo. Zaidi ya hayo, mwezi Aprili 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, katika mkutano wake uliofanyika Bangkok, lilitambua rasmi kisukari kinachohusiana na utapiamlo na kukiita aina ya tano. Hiki huwapata zaidi vijana wembamba waliokosa lishe ya kutosha utotoni.

Kinga yake huanza mapema: mjamzito kula vya kutosha, mtoto kunyonya maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo, na baada ya hapo kupewa chakula mchanganyiko. Vyakula vinavyohitajika vinapatikana katika bonde hili. Ugali au wali uwe sehemu ya sahani, wala usiwe sahani nzima. Maharage, karanga, samaki wa Rukwa, maziwa, mayai, mlenda, kisamvu na matembele viwepo pia. Kaya inayovuna magunia ya mpunga na kuyauza yote, kisha ikala wali mtupu na chumvi, bado haijamlisha mtoto.

Dalili zinazotaka kipimo siku hiyohiyo

Dalili kuu za kisukari kwa mtoto ni nne, na kila mkazi wa kata anaweza kuzishika kichwani:

1. Kukojoa mara nyingi, au kuanza tena kukojoa kitandani baada ya kuwa ameacha.
2. Kiu kikali, hata mtoto kuamka usiku kutafuta maji.
3. Kukonda kwa muda mfupi ilhali anakula.
4. Uchovu usio wa kawaida, kusinzia darasani na kuacha kucheza.

Familia nyingine hugundua kwamba sisimizi wanakusanyika mahali mtoto alipokojoa. Kwa mtoto mchanga, nepi au vitambaa hulowa kupita kawaida, naye hulilia kunyonya bila kutosheka.

Dalili hizi zisiposhughulikiwa, mwili unaokosa insulini huanza kuunguza mafuta yake, na damu hujaa asidi. Hapo mtoto hutapika, huumwa tumbo, hupumua kwa kasi na kwa kina, na pumzi yake huweza kunuka kama tunda lililoiva sana. Kisha hulegea na kupoteza fahamu. Kutoka hatua hii hadi kifo huweza kupita saa chache au siku chache tu. Ni katika hatua hiyo ndipo ugonjwa huitwa kwa majina mengine: kutapika huitwa malaria, kupumua kwa kasi huitwa nimonia, maumivu ya tumbo huitwa minyoo au homa ya matumbo.

Katika mkoa ambao malaria ni ya kawaida, jambo moja litiliwe mkazo. Mtoto anaweza kuwa na malaria na kisukari kwa wakati mmoja. Kipimo cha malaria kikionyesha vimelea, hakiondoi haja ya kupima sukari kwa mtoto mwenye dalili zilizotajwa.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Huhitaji tone moja la damu kutoka kidoleni na kifaa kidogo cha kupimia sukari, na jibu hupatikana chini ya dakika moja. Mtoto mwenye dalili akikutwa na sukari ya 11.1 au zaidi kwa kipimo cha milimoli kwa lita, wakati wowote wa siku, huhesabiwa kuwa ana kisukari mpaka daktari athibitishe vinginevyo. Hatakiwi kurudi nyumbani kungoja kipimo kingine kesho yake. Mzazi ana haki ya kuomba kwa heshima, "Daktari, naomba mwanangu apimwe na sukari." Ikiwa zahanati haina vibandiko vya kupimia siku hiyo, mtoto apelekwe kituo cha afya au hospitali bila kuchelewa.

Barabara iendayo Mpanda hupita Kibaoni, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi na Sitalike, na katika msimu wa mvua safari huwa ndefu zaidi ya umbali wake. Mzazi aliyemwahisha mtoto akiwa bado anatembea huweza kuimudu safari hiyo. Safari hiyohiyo kwa mtoto aliyekwisha kupoteza fahamu ni jambo jingine kabisa.

Maisha baada ya kugunduliwa

Kabla ya mwaka 1922, mtoto aliyepata aina ya kwanza popote duniani alikufa, kwa kawaida ndani ya miezi au miaka michache. Mwezi Januari mwaka huo, katika mji wa Toronto nchini Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alichomwa insulini iliyopatikana kwa kazi ya Frederick Banting na wenzake. Alikuwa amebaki mifupa na ngozi. Alipata nafuu na kuishi miaka 13 zaidi. Siku ya Kisukari Duniani huadhimishwa tarehe 14 Novemba kwa kuwa ndiyo siku aliyozaliwa Banting. Leo mtoto mwenye kisukari anayepata insulini kila siku na kufuata maelekezo huweza kusoma, kufanya kazi, kuoa au kuolewa, na kupata watoto.

Sharti ni kwamba insulini haikatishwi. Mtoto akianza kunenepa na kucheza tena, familia huweza kudhani amepona. Hajapona. Amepata kile ambacho mwili wake hautengenezi. Baadhi ya watoto huhitaji insulini kidogo sana kwa wiki au miezi michache baada ya kuanza tiba, na kipindi hicho huwadanganya wengi. Dozi hubadilishwa na mtaalamu wa afya peke yake.

Insulini huharibika kwa joto kali na kwa kuganda. Chupa zisizofunguliwa huhifadhiwa katika jokofu, mbali na sehemu ya kugandishia. Kwa kaya zisizo na jokofu, chungu cha udongo kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa chenye mchanga uliolowanishwa, kikakaa kivulini penye upepo, hupunguza joto kwa kiasi cha kusaidia. Mwaka 2021, Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha matokeo ya kazi iliyoanzia katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, eneo la Dadaab nchini Kenya. Walikuta kwamba insulini iliyokaa katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne haikupoteza nguvu kwa namna ya kumdhuru mgonjwa. Habari hiyo inatoa matumaini kwa maeneo ya joto kama Mamba, lakini haitoi ruhusa ya kuacha chupa juani au juu ya bati. Kila familia ifuate maelekezo ya kliniki inayoihudumia.

Kuhusu gharama, Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizo katika mpango wa kimataifa ulioanza mwaka 2009 wa kuwapatia watoto wenye kisukari insulini na vifaa vya kupimia bila malipo, kupitia kliniki zilizoteuliwa katika hospitali, kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya na Chama cha Kisukari Tanzania. Mzazi wa mtoto aliyegunduliwa aulize hospitali ni kliniki ipi ya watoto iliyo karibu, na kama familia haina uwezo, amwone afisa ustawi wa jamii kabla ya kukata tamaa. Maswali ya jumla huweza kuulizwa kwa kupiga namba 199 ya Wizara ya Afya, ambayo haitozi malipo.

Shuleni

Mtoto mwenye kisukari hutumia saa nyingi mbele ya mwalimu. Anahitaji ruhusa ya kwenda chooni na kunywa maji bila kuadhibiwa, na muda wa kula kwa saa zake. Hakuna sababu ya kumzuia kucheza au kumtenga.

Mwalimu anapaswa kujua pia hatari ya upande wa pili, yaani sukari kushuka, ambayo huweza kutokea mtoto akichomwa insulini kisha akachelewa kula au akacheza sana. Dalili zake ni kutetemeka, jasho jingi, njaa ya ghafla, kukasirika au kuongea yasiyoeleweka. Apewe mara moja vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, kisha ale chakula. Akiwa amepoteza fahamu asinyweshwe kitu chochote. Alazwe ubavu na akimbizwe kituo cha afya.

Wajibu wa kila mmoja

Wazazi na walezi wamtazame mtoto aliyeanza upya kukojoa kitandani kama mtoto anayehitaji kupimwa kabla ya kukaripiwa. Walimu wamjulishe mzazi wanapoona mwanafunzi anayekwenda chooni na bombani kila mara huku akikonda. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii waziulizie dalili nne wanapotembelea kaya. Wauza dawa wasimuuzie dawa ya malaria mzazi wa mtoto anayetapika na kupumua kwa kasi bila kumwelekeza kwenda kupima. Viongozi wa vijiji wazitaje dalili hizo katika mikutano, na viongozi wa dini katika nyumba za ibada. Waendesha bodaboda wajue kwamba mtoto aliyelegea na anayepumua kwa kina ni abiria asiyengoja wa pili.

Vihatarishi vya aina ya pili hupunguzwa taratibu, kwa sahani, kwa mchezo na kwa kuhudhuria kliniki. Aina ya kwanza haizuiliki, lakini kifo chake huzuilika kwa tone la damu lililopimwa mapema. Mzazi yeyote aliye na mtoto mwenye kiu, mkojo mwingi, kukonda na uchovu asingoje siku ya kliniki wala siku ya gulio. Ampeleke zahanati leo, na aombe apimwe sukari.